Mlango wa Uani

Huko Uingereza, kama mchwa wa huko hawajalimaliza, lipo daftari lenye uongo wangu. Ni daftari dogo la ngozi nyeusi. Ndani yake Mzungu mmoja aliandika maneno ya Kiswahili niliyomtajia mimi hapa Kindu, miaka ile kabla ya wale Wazungu wa bendera ya nyota kufika kututawala. Kila neno la Kiingereza lina mwenzake wa Kiswahili pembeni, isipokuwa moja. Mbele ya hilo pameachwa wazi, kwa sababu nilimwambia kwamba kwetu neno hilo halipo. Atakayelisoma atadhani watu wa mto huu hawajui upweke ni nini. Tunaujua. Siku ile nilipodanganya, nilikuwa nimemfungia dada yangu ndani yake kwa mwezi wa tatu.

Nianze na dada yangu. Tulizaliwa upande wa Kibombo, na mama yetu alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kisha wakaja watu wa bunduki, kijiji kikaungua, na dada, ambaye naye alikuwa mtoto tu, akakimbia na mimi mpaka mtoni. Mgenya mmoja, mtu wa kabila la mtoni, mpiga kasia, alituhurumia akatuficha chini ya mikeka katika mtumbwi wake. Mle chini dada alininong'oneza njia nzima ili nisilie: samaki gani tutakula, nyumba gani tutajenga, nani atamwogopa nani. Sikumbuki mto wala moto. Nakumbuka sauti yake sikioni, na joto la pumzi yake.

Tulifika Kindu, tukalelewa katika mji wa Waungwana, watu wa bara walioshika dini na mavazi ya pwani, tukasilimu kama wenzetu, tukawa watu wa hapa. Sikuwahi kumwita kwa jina, nilimwita yaya kama kila mtu hapa anavyomwita mkubwa wake. Aliolewa na mkulima wa mpunga, mtu mpole asiyesema sana. Na angesema saa ngapi? Dada yangu alikuwa na mdomo. Aliuza mikeka na samaki wa moshi sokoni, na watu walimjua kwa kicheko kabla ya kumwona. Alizungumza na wateja, na mbuzi waliopita, na hata samaki aliokuwa akiwauza aliwauliza habari za nyumbani. Mungu hakumjalia mtoto, kwa hiyo mtoto wake nilibaki kuwa mimi, hata nilipoota ndevu.

Nilipokuwa kijana nilibeba jino la ndovu kwenda pwani pamoja na msafara. Nikakaa huko miaka. Nilifagia kwa wamisionari, nikaokota Kiingereza kama vile kuku anavyookota mchele, punje moja moja. Kisha nikawa mchota maji katika nyumba za mabwana wa Kiislamu. Nikarudi Kindu na kanzu mbili, kofia iliyodariziwa, na kichwa kikubwa kuliko hiyo kofia. Dada alinizunguka mara tatu akinitazama, akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akalia.

Tangu siku hiyo watu waliniuliza kila kitu. Watu wa pwani hunyoa vipi? Huvua viatu wapi? Harusi zao huchezwa siku ngapi? Nilichokijua nilikisema, na nisichokijua nilikisema kwa sauti kubwa zaidi. Nisicheke sana hapa, maana ndipo kosa langu lilipoanzia.

Shemeji yangu alikufa wakati wa kuvuna mpunga, kwa homa ya siku tatu. Mwalimu aliyetufundisha dini alikuwa amepanda mto kwenda Kasongo, na mkubwa wa mji alikuwa ameshuka na watu wake. Tulizika wenyewe tulivyoweza. Baada ya mazishi wazee wakanigeukia. Walijua kwamba mjane wa Kiislamu hukaa eda, akatulia ndani miezi minne na siku kumi. Hesabu hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha. Lakini eda yenyewe hukaliwaje? Nani huingia kwake? Katika mji wetu mchanga hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kukaa eda hata mara moja.

"Weye ulifika pwani," mzee mmoja akaniambia. "Utuambie. Kule inafanywaka namna gani?"

Nilikumbuka nyumba moja ya mawe kule pwani. Bwana wake alifariki, na mimi nilikuwa napeleka maji kila asubuhi. Ule mlango mkubwa wa mbele ulifungwa. Niliweka mtungi barazani, nikakohoa, nikaondoka. Miezi minne na zaidi sikuona mtu akiingia pale, wala sikusikia sauti. Hayo tu ndiyo niliyoyaona: mlango, kwa nje, begani nina maji. Ningeweza kusema, wazee wangu, sijui. Nilikuwa na lugha tatu kinywani, na katika zote tatu neno hilo lipo, tena ni fupi. Badala yake nikanyoosha kanzu, nikatoa sheria.

"Haingii mtu," nikasema. "Wala mwanamke. Hasemeshwi. Chakula na maji huwekwa mlangoni."

Wakaitikia kwa vichwa. Ilionekana kali, na kwetu sisi tuliosilimu jana, jambo likiwa kali tuliliona ni la kweli zaidi.

Jioni hiyo hiyo, jua bado lipo, wanawake walikuja. Hiyo ndiyo desturi ya kwetu tangu wazee: mtu akifiwa, wanawake wa kijiji hubeba mikeka yao, huenda kulala na mwenye kilio, siku nyingi, mpaka huzuni ichoke yenyewe. Walikuwa kama kumi na watano, mikeka kwapani, wengine na vyungu. Nilisimama kwenye uzio wa matete, mikono nimeitandaza.

"Mutupishe, baba," akasema yule aliyekuwa mkubwa wao, muuza chumvi, rafiki wa dada wa miaka yote. "Tunakuja kulala na mwenzetu."

"Rudini. Amekaa eda. Sheria haitaki mtu."

"Muntu wa kilio halalaka peke yake."

"Hayo ni mambo ya porini. Sheria ya pwani njo hii."

Alinitazama kanzu, akanitazama uso, kisha akatazama ile nyumba ambamo dada alikuwa akilia kwa sauti. Akaita kwa nguvu, "Mwenzetu, tulikuja! Usikie, tulikuja!" Wenzake wakamvuta mkono, wakageuka. Mkeka wake hakuubeba. Aliuegemeza kwenye uzio, akaniambia kwamba nikipata akili nimpelekee ndani. Sikumpelekea.

Dada alinitii. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa amepigana nami, ningepata pa kujificha. Lakini alisema kutoka ndani, kwa ile sauti iliyokauka kwa kilio, "Kama mudogo wangu amesema, njo vile."

Maji nilimpelekea mwenyewe, kila asubuhi, sikumwachia mtu mwingine. Naweka mtungi mlangoni, nakohoa, narudi nyuma mpaka kwenye uzio. Pazia la mkeka linasogea kidogo, mkono unatoka, unavuta mtungi ndani. Miezi hiyo sikuona sehemu nyingine ya dada yangu ila mkono. Mwezi wa kwanza ulikuwa mkono wake ule ule, mnene, wenye kovu la kisu cha samaki. Mwezi wa pili kovu lilikuwa pale pale na mkono umepungua.

Mwezi huo wa pili ndipo aliposema nami. Nilikuwa nimeweka mtungi, sijarudi nyuma bado.

"Mudogo wangu."

Nikabaki nimeinama juu ya mtungi.

"Mimi sikatale kukaa ndani. Niko nakatala hii kimya. Sema hata kitu kidogo. Sema mvua ilinyesha wapi. Sema samaki iko bei gani."

Nilisikia pumzi yake nyuma ya mkeka, karibu kama ilivyokuwa chini ya ile mikeka ya mtumbwini. Nikatoka pale mbio, hata mtungi nikaupiga teke, maji yakamwagika mlangoni. Nikaenda kuswali. Nilimwomba Mungu amsamehe dada yangu kwa kuvunja eda. Nilimwombea yeye msamaha! Mara nyingine nikikumbuka sala hiyo nasimama peke yangu njiani nikijitukana.

Baada ya hapo hakuniita tena. Kwa siku kadhaa nilimsikia akizungumza na chungu, akikigombeza kwa kuchelewa kuchemka, kama alivyokuwa akizungumza na samaki. Kisha na hilo likakoma. Nikafurahi. Nikawaambia wazee, sasa amezoea.

Yule Mzungu alifika mwezi wa tatu, akishuka mto kwa mitumbwi, mgonjwa. Watu wake walikuwa kama arobaini na hakuna aliyejua Kiingereza kunishinda, kwa hiyo nikawa mkalimani wake kwa majuma yale aliyougulia kwetu. Hakuwa mtu mbaya wala mzuri. Alichukia harufu ya samaki, alipenda ndizi za kuchoma, na alikuwa na daftari. Kila alichokiona alikiuliza jina lake. Siku moja alasiri, homa ilipompungukia, akataka kutembea. Akaegemea bega langu, tukapita njia ya mtoni, tukaifikia nyumba ya dada.

Akasimama. Aliona sahani iliyofunikwa mlangoni, haijaguswa. Aliona na ule mkeka wa muuza chumvi kwenye uzio, mvua imeshauozesha upande mmoja. Akauliza kuna nani mle. Nikamwambia ni dada yangu, mjane, anakaa eda.

"Alone?" akauliza.

Nikamjibu ndiyo. Akauliza tena, "Lonely?"

Nikamwambia, bwana, nimekwisha kukujibu. Kwangu yalikuwa maneno mawili ya mama mmoja, kama mtu anavyouliza umelalaje na umeamkaje. Akatikisa kichwa. Akaketi juu ya gogo, kwa maana miguu haikumbeba, akaanza kunieleza polepole kama wafanyavyo Wazungu wakidhani ugumu uko masikioni. Kwao, alisema, akifunga mlango wa chumba chake akaandika barua, yuko "alone", naye yuko radhi, hata hutamani siku iwe ndefu. Neno hilo linahesabu watu tu: yuko mmoja. La pili halihesabu watu. Hapa Kindu, akasema, ana watu arobaini, wanamlisha, wanampepea, wanamchungulia hata akioga, na usiku wa homa hakuna hata mmoja wa kumwambia kwamba anaogopa kufa. Huko ndiko kuwa "lonely". Mtu anaweza kuwa hivyo katikati ya soko. Kisha akaonyesha ile nyumba kwa kidevu, akauliza: basi yeye ni lipi?

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba hiyo ni sheria yetu, na kwamba mgeni hapimi sheria ya watu kwa homa yake. Akainua mikono, kana kwamba anasema yaishe, akatoa daftari. Mbele ya lile la kwanza nikamtajia "peke yake", akaandika. Kwa la pili akangoja, kalamu mkononi.

Usidhani kwamba sikuwa na neno. Upweke nilikuwa nao. Ukiwa nilikuwa nao. Nilikuwa hata na lile la kwetu la utotoni, ambalo dada alilitumia aliponisimulia jinsi nyumba ilivyokuwa baada ya mama kufa. Yote yalinijia ulimini kwa pamoja. Lakini niliona kwamba nikilitaja moja, nitakuwa nimejibu swali lake juu ya dada.

"Kwetu halipo," nikasema.

Akanitazama kidogo, akapiga mstari, akaacha wazi. Hakunisukuma. Alikuwa mgonjwa anayetaka kujaza daftari lake, si mtume. Baada ya siku chache akapanda mtumbwi akaenda zake, na sikusikia tena habari zake.

Lakini asubuhi iliyofuata siku ile ya swali nilipeleka maji, nikaweka mtungi, nikakohoa. Sikurudi nyuma. Niliushika ukingo wa ule mkeka wa mlangoni. Niliushika kabisa, vidole vyote, nikahisi ulivyopauka kwa vumbi. Ndani palikuwa kimya, lakini nilijua yuko karibu. Nilichokuwa nacho kichwani wakati ule hakikuwa Mungu, nisimsingizie. Nilikuwa nawafikiria wazee, na muuza chumvi, na watakachosema wakiniona naingia baada ya kuwarudisha wao. Niliogopa kuonekana nimekosea kuliko nilivyoogopa kukosea. Nikauachia mkeka. Tangu hapo ulibaki mwezi na nusu hivi, na nilimpelekea maji muda wote huo, bila kukosa siku.

Eda ilipotimia wanawake walimwogesha, wakamvika nguo mpya, wakamtoa nje kwa vigelegele. Akaziba masikio kwa mikono yote miwili. Nilidhani ni jua limempiga kichwani. Nilimleta kwangu, akaketi uani akielekea uzio, na hapo ndipo nilipoanza kuona nilichokifanya. Wenzake wa sokoni walikuja na mikeka yao, wakamletea habari zote za miezi ile, nani kaolewa, nani kapigwa na kiboko mtoni. Aliwasikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza lugha aliyojifunza zamani. Alijibu kwa kichwa. Muuza chumvi alimfanyia mzaha mmoja wa zamani, ule ambao ulikuwa ukimwangusha chini kwa kicheko. Dada akamshukuru.

Siku kama kumi baadaye ukaja msafara kutoka juu, na ndani yake mke wa mfanyabiashara mmoja, mwanamke wa Pangani, mtu mzima, mwenye ulimi mkali na miguu iliyovimba kwa safari. Akafikia kwangu. Nilifurahi. Nilimwamkia kwa adabu zote za pwani, ili watu wa nyumbani waone. Akamwona dada na ile nguo mpya, akauliza. Nikamwambia ametoka eda juzi.

"Alhamdulillahi. Nani alikuwa akikaa naye?"

"Hakuna, bibi," nikasema kwa kifua. "Tuliishika barabara. Hakuna mtu aliyeingia, wala kumsemesha."

Akacheka. Alidhani namtania. Kisha akaona hakuna aliyecheka pamoja naye.

"Nani kakufundisha hayo?"

Nikamweleza ile nyumba ya mawe, mlango uliofungwa, mtungi barazani.

"Na mlango wa uani je?"

"Mlango gani, bibi?"

"Wa nyuma, mwanangu! Wewe mchota maji ungeuona wapi? Wanawake hupita uani. Nyumba ya eda hujaa kuliko ya harusi. Tunalala naye, tunashona naye, tunamsimulia mpaka acheke. Mjane haachwi hata siku moja. Anajitenga na wanaume wa nje, basi. Baba yake huingia. Ndugu zake huingia." Akanitazama vizuri. "Wewe ni nani wake?"

Nyumba zetu za Kindu zilikuwa na mlango mmoja. Sikuwahi kufikiri kwamba nyumba yaweza kuwa na mwingine. Na ile desturi ya mikeka niliyoiita ya porini ndiyo iliyokuwa ikifanywa pwani, nyuma ya ule mlango mkubwa, wakati nimesimama barazani na mtungi begani.

"Ndugu yake," nikasema. "Tumbo moja."

Bibi hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu, "Wewe ungeweza kuingia hata siku ya kwanza," akainama kusugua miguu yake.

Dada alikuwa ameyasikia yote. Hakugeuka. Alizungumza akielekea matete, polepole, akitafuta kila neno kabla ya kuliweka.

"Nilikuwa nasikia miguu yako kila asubui. Unakuja mpaka mlangoni, unakohoa. Mimi nasema moyoni, leo labda atakosa. Leo atasahau sheria, ataingia." Akashika tete moja la uzio. "Siku moja ulishika mukeka. Niliona vidole."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyoniambia mwaka ule.

Sasa anakaa Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa muuza chumvi. Sauti imemrudia kidogo, kicheko hapana. Siku nyingi za juma navuka kwa mtumbwi kwenda kumtazama, nikiwa na samaki, au habari ya mvua, imenyesha wapi na haikunyesha wapi. Nikifika mlangoni hukohoa, ni mazoea tu. Najua yuko ndani, na yeye anajua ni mimi. Ataniambia niingie, hakosi kuniambia. Lakini huniacha nisimame kwanza.